Gololi Sakafuni

Mama yake Redio alifika kabla ya kengele, pini bado zimechomekwa kwenye kola ya blauzi yake. Ni fundi nguo, na fundi mwenye kazi za watu hana muda wa kuzungukazunguka.

"Mwalimu, nimekuja kumtoa binti yangu kwenye sayansi," alisema. "Kipindi hicho akae na watu wa kwaya. Sayansi ni ya kuona, na yeye haoni. Wenzake wanashangilia, yeye anabaki kuuliza kuna nini. Mimi mzazi naumia."

Mdomo uliniwasha, maana mimi si mpole, na anayesema ni mpole hajawahi kunikuta na rundo la madaftari. Lakini mama yule alikuwa na haki. Katika jaribio lililopita niliweka sarafu juu ya kadi, kadi juu ya glasi. Nilipoipiga kadi kidole ikachomoka, sarafu ikatumbukia ndani. Darasa lilipiga kelele hata mlio wa sarafu usisikike.

"Kaa hapo nyuma, mama," nikamwambia. "Kipindi kikiisha, ukitaka kumchukua, mchukue."

Nilisema hivyo kwa ujasiri wa uongo. Nilikuwa nampenda yule mtoto. Wenzake walimwita Redio kwa sababu hazimiki, na darasa langu bila maswali yake lingekuwa ukuta mtupu.

Tukasogeza madawati pembeni. Nikaegemeza kipande cha reli ya pazia kwenye vitabu, kikawa mteremko mdogo, na mbele yake nikatandika taulo. Kisha nikaamuru darasa zima lifumbe macho.

"Atakayechungulia namtoa nje. Leo tunasikiliza."

Nikaachia gololi. Ikateremka kwenye reli, ikaingia kwenye taulo na kufa papo hapo.

"Hata salamu haijatoa," Redio akasema, na darasa likacheka.

Nikaondoa taulo, nikaweka katoni iliyokunjuliwa. Nikaachia gololi kutoka palepale juu. Safari hii ilikwaruzakwaruza, ikachoka taratibu, ikanyamaza.

"Reli ni ileile, mwalimu?"

"Ileile."

"Basi taulo iliishika zaidi."

"Huo ndio msuguano," nikasema. "Nguvu inayopinga mwendo."

Nikaondoa katoni. Sasa ilibaki sakafu ya saruji, iliyosuguliwa na nyayo za watoto mpaka ikang'aa. Nikaachia gololi.

Ilikwenda. Ilipita madawati, ikapita miguu ya mama yake Redio, ikatoka mlangoni kuelekea koridoni, ikiimba kwa sauti nyembamba. Kila kichwa darasani kiliigeukia, macho yote yamefumbwa. Sijawahi kusikia watoto wametulia hivyo. Sauti ikapungua, ikapungua zaidi, na sisi wengine tukadhani imekwisha. Redio akainua kidole.

"Bado," akanong'ona. "Bado. Bado... Haya, imesimama."

Hakuna aliyefumbua macho.

"Mwalimu," akasema polepole, jambo ambalo si kawaida yake, "na kama hakuna taulo, hakuna katoni, hakuna sakafu, hakuna hata hewa ya kuipinga? Itasimama lini?"

Nimefundisha somo hili miaka mingi, na jibu nalijua kwa moyo. Siku hiyo lilinitoka kinywani kama jambo geni.

"Haitasimama."

"Hata ikichoka?"

"Gololi haichoki. Itakwenda tu, daima."

Redio akashika mashavu kwa mikono miwili. Nilimwona akiifuata gololi ile akilini, ikipita mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupaona.

"Jamani!" akasema. "Mimi nilidhani kwenda ndiko kunakotaka sababu. Kumbe ni kusimama."

Nikageuza uso dirishani watoto wasije wakafumbua macho na kuniona.

Kengele ikalia. Redio akajua kipindi kimekwisha, na alishaambiwa nyumbani mama yake amefuata nini. Akageuka kule nyuma.

"Mama, wewe sababu yako ya kunisimamisha ni ipi?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka fundi nguo.

"Woga, mwanangu," akasema. "Ni woga tu."

Kisha akainuka, akatoka koridoni, akainama kuitafuta gololi.