Kipimo cha Wafua Mashuka

Mashuka ya wodi ya wazazi yalikuwa yameshachemka mara moja, na Foronya alikuwa ameinama juu ya pipa akiyageuza kwa mti mrefu, wifi yake alipomuuliza kama fomu ameibeba au ameisahau tena nyumbani.

"Iko kifuani," alijibu, akijigonga upande wa kushoto. "Mahali pa kuaminika."

"Kifua hicho ndicho chenye kesi. Usikiamini sana."

Wote wanne wa chumba cha kufulia wakacheka, na mvuke ukacheka nao.

Jina la Foronya alipewa na muuguzi mkuu mmoja miaka thelathini na moja iliyopita, kwa sababu hakuna aliyeweza kukunja foronya haraka kama yeye. Muuguzi alistaafu, jina likabaki. Sasa mwenye jina alikuwa na miaka sitini na minne, magoti yanayonung'unika kwenye ngazi, presha ya panda shuka, na hofu moja ambayo hakupenda kuitaja. Mwaka juzi dada yake, yule aliyemwachia ziwa, alikuwa akichana nywele asubuhi, chanuo likamponyoka, akainama kuliokota, hakuinuka tena. Kiharusi. Hakuwa na sukari, hakuwa mnene, na presha yake ilikuwa ya kawaida kwa mtu wa umri wake. Siku ya tatu wakamzika.

Wiki iliyopita Foronya alimsimulia daktari habari hiyo. Daktari alikuwa binti mwenye miwani mikubwa, ambaye Foronya angeweza kumzaa, na alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo katika hospitali ile lilikuwa nadra kama kitanda kitupu.

"Mama, mafuta ya damu tumeshapima," alisema. "Lakini mishipa ya damu inaweza kuwa na uvimbe wa ndani kwa ndani, usiouma. Ni kama moto wa pumba: juu unaona majivu, chini unaendelea kula. Mwili ukiwa hivyo, ini linatoa protini fulani ambayo tunaweza kuipima kwenye damu. Kwa watu wazima ikizidi, hatari ya shambulio la moyo au kiharusi huwa kubwa zaidi. Kipimo hicho hakisemi kila kitu, ila kinatuambia kama tunaruhusiwa kulala usingizi."

Akaandika fomu.

Saa nne Foronya alikausha mikono, akaenda kwenye dirisha la fomu. Nyuma ya kioo alikaa karani ambaye hospitali nzima ilimwita Bwana Kipengele, mtu wa makamo yaliyokaribia uzee, koti lake moja kiangazi na masika. Aliisoma fomu, akaisoma kadi yake ya matibabu ya wafanyakazi, akafungua kijitabu cha kanuni.

"Wewe ni daraja la kibarua wa kudumu," alisema.

"Miaka thelathini na moja, bado kibarua?"

"Wa kudumu," karani alimsahihisha kwa upole. "Kwa daraja lako kipimo hiki ni cha aliyekwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi. Umepata?"

"Bado."

Karani akatafuta mahali pa kuandika "bado." Hapakuwa na kisanduku chake.

"Niandike hapana?"

"Subiri kwanza, kaka. Yaani nipooze, halafu ndiyo nije nipimwe kama nitapooza?"

"Ukishapooza unakuja na barua ya rufaa. Na uje mwenyewe, mwakilishi haruhusiwi."

Foleni nyuma yake ilikuwa imesikia yote. Kisha mzee mmoja mwenye mkongojo akaanza kucheka polepole, kama pikipiki inayokataa kuwaka, na ilipowaka ikawawasha wote. Foronya naye alicheka mpaka akashika ukuta. Hata Bwana Kipengele alijiuma mdomo. Lakini mkono wake uliendelea na kazi, muhuri ukashuka: HAIRUHUSIWI.

Kule chumba cha kufulia aliwaigizia wenzake kisa chote, sauti ya karani na sauti yake mwenyewe. Walicheka, wifi akadondosha kibanio cha nguo. Kisha wakarudi kwenye mapipa.

"Kadi zetu wote ni hizo hizo," alisema Kigori. Huyu ndiye aliyekuwa mdogo wao, mwenye miaka hamsini na sita, na ndiyo maana wakamwita hivyo.

Siku hiyo wakaguzi walikuwa wanakuja saa nane. Tangu alfajiri katibu wa hospitali alikuwa ameleta mapazia ya ofisi yake, vitambaa vya meza ya mkutano na makoti meupe ya wakuu, na amri kwamba vyote vipigwe wanga na pasi. Vilikuwa vimerundikwa pembeni. Foronya aliusogelea mrundo ule.

"Mashuka ya wagonjwa yatoke yote," alisema. "Ya chumba cha upasuaji yatangulie. Nguo za watoto, zote. Mtu asilalie godoro tupu kwa ajili yangu. Lakini haya mapazia..."

"Haya yana doa," alidakia wifi.

"Doa gani?"

"Halionekani. Mpaka upimwe."

Wakaloweka mapazia, wakaloweka makoti, kisha wakazivamia kazi za wodini kwa nguvu ambayo hawakuwa nayo tangu ujana. Kigori alianzisha wimbo wa harusi, wengine wakaitikia, na mashuka yakapanda kambani kama yana miguu. Ilipofika saa sita kila kitanda cha mgonjwa kilikuwa kimevaa. Wale wanne wakanawa, wakakunja mikono ya magauni, wakampitia daktari mwenye miwani kumweleza shida yao, kisha wakaenda kuketi kwenye benchi la maabara, bega kwa bega.

Katibu aliwakuta pale saa sita na nusu, jasho likimtiririka.

"Mapazia yangu yako wapi?"

"Yamelowekwa, bosi," alisema Foronya.

"Yatakauka saa ngapi?"

"Inategemea. Sisi ni watu wazima. Tukiwa na mawazo, mikono inakuwa mizito."

"Na mawazo hayafai kwa moyo," aliongeza wifi. "Tumeambiwa na wataalamu."

Katibu aliitazama saa yake. Mlango wa pili ulifunguka, daktari mwenye miwani akatoka na fomu nne mkononi.

"Zinasubiri saini tu, katibu," alisema.

Katibu alizitilia saini ukutani, moja baada ya nyingine, kalamu ikitoboa karatasi. "Leo tu," alisema. "Na muelewe, hii ni hisani."

"Tumeelewa," alisema Foronya, na tayari mkono wake ulikuwa juu ya meza ya mpima damu.

Mpima damu aliwasifu kwamba mishipa yao imesimama kama kamba za kuanikia. "Acha sifa," wifi alimwambia, "mume wangu ana wivu." Saa nane kasorobo mapazia yalikuwa dirishani, mabichi kwenye pindo, na wakaguzi walifanya mkutano wao wakisikia matone yakidondoka sakafuni.

Majibu yalitoka saa tisa. La wifi lilikuwa chini ya moja, na alilitangaza korido nzima. La Kigori na la mwenzao wa nne yalikuwa ya katikati. La Foronya lilikuwa nne na ushei.

Daktari akamketisha.

"Sikiliza, mama. Zaidi ya tatu si nzuri, lakini haisemi utaanguka. Mafua yanaweza kuipandisha, hata fizi. Fungua mdomo." Akamulika. "Hii fizi imeanza lini?"

"Ina miezi. Natafunia upande wa pili."

"Hiyo tunaitibu. Halafu tunarudia kipimo baada ya wiki tatu, tujue kilichobaki ni cha mishipa au cha jino. Dawa ya presha usiruke hata siku moja. Ya kushusha mafuta nakuandikia leo. Na utembee."

"Natembea siku nzima na mashuka."

"Tembea bila mashuka."

Foronya akacheka, na kicheko kile kilimtoka mbali, mahali palipofungwa miaka miwili. Alikuwa ameishi akiogopa kitu kisicho na sura. Sasa kilikuwa na namba, na namba ni kitu cha kushughulika nacho, kama doa: unalijua, unalitafutia dawa yake.

"Ila katibu kasema leo tu," alikumbuka. "Hiyo ya wiki tatu ataitia saini nani?"

Daktari alivua miwani, akaifuta.

"Mapazia huchafuka tena," alisema wifi.

Walikuwa wanatoka walipomkuta Bwana Kipengele kwenye korido. Dirisha lake lilikuwa limefungwa. Koti lilikuwa begani, bunda la fomu tupu kwapani.

"Dada," alianza, akitazama viatu vyake. "Mimi nimewazidi daraja moja. Lakini kipengele ni kile kile, nimekisoma mara nyingi. Baba yangu alianguka akiwa na sitini. Mwezi ujao nazitimiza."

Hakuna aliyemcheka. Foronya alitazama lile bunda.

"Wapishi wana kadi gani?" aliuliza.

"Kama zenu."

"Walinzi?"

"Kama zenu. Madereva pia. Mia moja na kumi na wawili, wote wamevuka hamsini na tano. Orodha ninayo kichwani."

"Basi kaa uandike. Tukija benchini wote siku moja, hapo haitaitwa hisani."

Karani akaketi kwenye benchi, akatoa kalamu, akaanza kujaza majina kutoka kichwani kwa mwandiko wake mzuri wa ofisi. Kila fomu iliyokamilika Foronya aliipokea, na zilipofika rundo akaligawa mara mbili, nusu akampa wifi. Wakaachana kwenye kona ya korido, mmoja akashika njia ya jikoni, mwingine ya getini.