Mchanga wa Kutuliza Baiskeli

Jumamosi ya kwanza ya mwaka 1964, baada ya sala ya alasiri, Mwanaima alianguka na baiskeli mbele ya msikiti wa Gazi. Baiskeli ilikuwa ya mtu mzima. Aliiendesha kwa kupenyeza mguu chini ya chuma cha katikati, kiuno kimepinda.

Alikuwa amemaliza darasa la nne. La tano lilikuwa Msambweni. Baba yake, Chirau, mchuuzi wa samaki, alikuwa amesema: "Jua baiskeli kwanza, ndipo tuzungumze shule."

Alipoanguka tena aliipiga teke, akalia kwa hasira.

"Lia!" alisema Chirau. "Machozi yatatia mafuta mnyororo."

Watoto waliotoka chuo cha Kurani wakadakia: "Baiskeli imempanda Mwanaima!"

Tsuma, ndugu wa mama yake, alimwinua. "Usigombane nayo, mama. Haisikii. Hasira ikipanda, teremka, shika usukani, simama nayo mpaka mikono iache kutetemeka. Kisha panda."

Akafunga mti mrefu kukingama kwenye keria, ili baiskeli ikianguka isimlalie.

Kesho yake asubuhi Chirau aliufungua mti ule. Akafunga tenga, akalijaza mchanga.

"Wa nini, baba?"

"Wa kukutuliza. Baiskeli tupu huyumba."

"Shemeji, mtoto hata hajasimama sawa," alisema Tsuma.

"Atasimama."

Alianguka siku nzima. Goti lilichubuka, likachubuka juu ya kidonda. Kila hasira ilipompanda aliteremka, akashika usukani, akangoja. Watoto walichoka kucheka, wakaenda zao. Jumatano jioni alifika barabara kuu na kurudi bila kuanguka.

"Baba, nimejua!"

"Nimeona."

"Basi shule nitaanza lini?"

Chirau alimwaga mchanga, akalikung'uta tenga.

"Nilisema tutazungumza. Haya, tumezungumza. Miguu yangu imechoka, na watu wa Kikoneni wanataka samaki. Njia hupitia Msambweni. Shule utaiona kila siku."

Mwanaima alimtazama mjomba wake.

"Shemeji, umemdanganya mtoto," alisema Tsuma.

"Mimi? Nani aliyemfundisha asikate tamaa?"



Jumatatu shule zilifunguliwa. Asubuhi hiyo watu wa Msambweni walimwona Mwanaima akipita, mguu chini ya chuma, tenga limejaa samaki, akielekea Kikoneni.