Kopo la Etha

Theluji ilifika magotini Harlan alipolivuta gari lake la dizeli kwa trekta hadi gereji yangu. Lilikuwa halijawaka tangu Alhamisi, siku mkewe Verna alipozidiwa; likakataa kumpeleka hospitali, akafia kitandani huku ambulansi imekwama kwenye theluji njiani.

Nilipima kompresheni, ule mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Silinda ya tatu ilikuwa hoi. Nikamimina humo mafuta kidogo ya injini, nikapima tena, mshale wa kipimo ukapanda. Mafuta yameziba mwanya kando ya pistoni, basi valvu hazina kosa. Ringi za pistoni ndizo zilizovunjika.

“Unalipulizia etha ya kuwashia injini wewe!” nilimfokea. “Kila asubuhi, tena plagi za kupasha silinda zikiwa za moto?”

“Kwa baridi hii, bila etha haliwaki.”

“Na ule waya wa umeme wa kupashia injini joto, umeufanya kamba ya kuanikia nguo? Etha inalipuka kabla ya wakati wake, inapasua ringi! Mjinga gani alikufundisha?”



“Ni wewe, Elmer,” Harlan alisema taratibu. “Ule mwaka mifugo ilipoganda kwa baridi. Kopo la kwanza ulinipa wewe, bure.”