Radhi ya Feruzi

Mimi ni mkalimani wa simu, na mkalimani wa simu halipwi kwa kufikiri. Siku ya kwanza ya mafunzo unaambiwa: sema kilichosemwa, usiongeze, usipunguze, usieleze. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi chumbani kwangu Doonside, huku Australia, kanga kiunoni na sauti ya ofisini mdomoni. Kwa hiyo Vanessa aliponipigia wakati wa lokdauni ya mwaka 2021, akasema ananitaka mimi nieleze kila ninachokijua, niliona Mungu kanifungulia mlango. Nilikuwa na jambo langu la kueleza, na hakuna aliyekuwa akinisikiliza.

Vanessa ni Mwaustralia mwenye kipindi cha mtandaoni kuhusu mauaji ya zamani. Safari hii alikuwa akimchunguza baharia mmoja aliyeitwa Feruzi, mtia makaa wa meli, mtu wa pwani yetu. Mwaka 1898, katika bandari moja ya huku, mama mwenye nyumba ya kulala mabaharia alikutwa jikoni kwake amechomwa kisu, na Feruzi amepiga magoti kando yake, analia. Polisi hawakutafuta mwingine. Mahakama ikaona hana akili timamu, ikampeleka hospitali ya wendawazimu, na huko akafia. Hakuhukumiwa, wala hakusafishwa.

Vanessa alikuwa amepata kumbukumbu za hospitali hiyo, akanitumia picha za kurasa. Mwandiko wa daktari ungedhani kuku kapekua. Daktari alikuwa ameandika kwamba mgonjwa hunawa miguu mara nyingi kwa siku, huinamia ukuta, na kwamba mwezi mmoja alikataa chakula cha mchana hata akalishwa kwa mpira uliopitishwa kooni.

"Alikuwa amefunga," nikamwambia Vanessa kwenye skrini. "Mlimfungulisha kwa mpira."

"Si mimi, Amne."

"Najua si wewe."

Kisha nikafika kwenye ukurasa aliokuwa akiutaka hasa. Katika mwezi wake wa mwisho, kifua kimeoza, anatema damu, Feruzi alikuwa akipita kitanda kwa kitanda kila jioni. Alishika mkono wa kila mtu na kusema maneno yaleyale, hata kwa mlinzi aliyekuwa akimfunga mikanda. Akaletwa mmishonari aliyewahi kuishi Unguja, akayatafsiri kwa Kiingereza: "Nisamehe nilivyokukosea." Chini yake daktari akaandika: Amekiri. Akapiga mstari.

Nilimwomba Vanessa anisubiri, nikaenda jikoni kunywa maji. Maneno kama yale nilikuwa nimeyasoma muda si mrefu katika faili jingine, la kaka yangu.

Jabir alikuwa akifanya kazi ghalani, na korona ilimkuta hukohuko. Mwezi wa nane wakamlaza, na hakuna ndugu aliyeruhusiwa kuingia. Alipoambiwa kwamba kesho atawekewa mashine ya kupumulia, aliomba kuzungumza na mkewe Safaa, wakamshikia tableti. Akamwambia, huku akilia, "Safaa, niwie radhi. Nisamehe yote niliyokutendea." Safaa naye alishikwa na kilio, hakuweza kujibu, mara mtandao ukakatika. Nesi, kwa kutaka kujua mgonjwa analia nini, akampigia mkalimani, na Jabir akarudia. Mkalimani, sijui yuko Melbourne au wapi, akasema kilichosemwa. Hakuongeza, hakupunguza. Nesi akaandika kwamba mgonjwa anajutia alivyomtendea mkewe, na kwamba simu kwa mke zisitishwe hadi suala la ukatili wa nyumbani lichunguzwe.

Safaa alipiga usiku na mchana. Akaambiwa asubiri. Badala ya mumewe akapigiwa na mama mmoja wa ustawi wa jamii, akaulizwa kama nyumbani yuko salama. Binti yake mkubwa naye akaulizwa na mshauri wa shule kama baba alikuwa akimpiga mama. Jabir akafa kwenye mashine bila kusikia jibu. Mtu aliyekuwa akimchambulia mkewe mchele siku za mapumziko, huyo ndiye wamemwandika mpiga mke! Tuliomba faili lirekebishwe. Tukajibiwa kwamba kumbukumbu zinaonyesha kile ambacho mgonjwa alisema.

Niliporudi kwenye skrini nilimweleza Vanessa yote. Nikamwambia kwetu Tanga mtu akitaka kusafiri, akienda Hija, mwanamke akikaribia kujifungua, Ramadhani ikigonga hodi, unapita kwa jamaa na majirani: tuwiane radhi. Huenda ulimsengenya mtu, huenda ulimtazama vibaya sokoni, humkumbuki hata yeye hakumbuki. Anajibu, "Nimekuwia radhi, na wewe niwie." Basi, yamekwisha. Na anayekufa ana haki zaidi ya wote, kwa sababu safari yake haina kurudi. Feruzi alijua anakufa. Kama angekuwa anakiri mauaji, angewaomba wagonjwa wenzake kwa lipi? Alikuwa akingoja jibu moja tu, na katika wodi nzima hakuna aliyejua kumjibu.

"Mimi sijui kama aliua," nikasema. "Sikuwapo. Lakini ukurasa huu si ushahidi, na wa kaka yangu si ushahidi."

Vanessa alilia hata pua ikawa nyekundu. Akasema jambo hili linabadilisha kila kitu, kwamba atalieleza lote, pamoja na habari za Jabir, na Safaa atalisikia likisemwa hadharani kwa Kiingereza. Hilo tu ndilo nililolitaka. Kisha akaniomba nirekodi maneno ya Feruzi kwa Kiswahili, polepole, ili wasikilizaji wapate kuonja lugha. Nikayarekodi. Nilimfikiria Jabir, na sauti ikatoka na machozi yake.

Kipindi kilitoka mwezi wa kumi na moja, njia zimeshafunguliwa. Nikapanda treni hadi Campbelltown kwa Safaa. Alikuwa amepika pilau, amewavisha watoto nguo za Idi, amewakalisha sebuleni. Alitaka wasikie kwa masikio yao kwamba baba yao alikuwa akiaga tu.

Muziki ukaanza, mzito, wa kutisha. Vanessa akasimulia kisu, jikoni, damu. Akafika hospitali. Kisha ikaja sauti ya mwanamke analia: "Nisamehe nilivyokukosea. Nisamehe." Na Vanessa akasema kwa kunong'ona: baada ya miaka zaidi ya mia moja, haya hapa maneno ya muuaji, kwa lugha yake mwenyewe.

"Auntie, is that you?" akauliza binti, ameitambua sauti yangu.

Tulisubiri maelezo. Hayakuja. Hapakuwa na radhi, hapakuwa na Tanga, wala Jabir. Likaja tangazo la magodoro.

Safaa alizima simu. Hakupiga kelele, na heri angepiga. "Wifi," akasema, "mimi nilingoja watu wamsafishe mume wangu. Kumbe umekwenda kuwapa na sauti."

Nilitoka kibarazani nikampigia Vanessa, na Safaa akanifuata, akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Amne, nilijua utakasirika," Vanessa akasema. "Wakubwa wangu walikata. Walisema maelezo yanaua msisimko. Kweli nisamehe. Nisamehe kama nimekukosea."

Kwetu, mtu akikuomba hivyo jibu ni moja, hata awe adui yako. Lilinijia lenyewe hadi ncha ya ulimi. Nikamtazama Safaa, ambaye alikuwa na jibu hilohilo tangu mwezi wa nane na hana wa kumpa.

"Subiri," nikamwambia Vanessa. "Natafuta kalamu."

"Kalamu ya nini?"

"Naandika hapa: Vanessa ameomba msamaha. Na chini yake naandika: amekiri. Kisha napiga mstari."