Msikilizaji wa Jikoni

Wiki tatu nzima walimu wa shule ile ya Sagalla waliingia madarasa ya wenzao, wakiandika ni ufundishaji gani unaowashika watoto. Nzau, mpishi wa shule, aliwatazama kupitia dirisha la jiko akacheka peke yake. Wakubwa wa elimu kule Voi wakitaka kujua jambo hutuma fomu. Kumuuliza aliye karibu, hawajui.

Ijumaa Madam Muhonja wa gredi ya nne akaja jikoni na daftari.

"Mzee Nzau, watoto kumi na mmoja wanasoma na kuelewa kuliko wenzao wote. Tumewauliza siri ni nini. Wanasema ni wewe."

"Mimi? Madam, hata jina langu nikiliandika utadhani kuku amepita."

Lakini alijua. Mkewe, Mbithe, aliyefundisha wadogo, alikuwa akiwaleta wawili wawili kila saa nne. "Huyu mzee hajui kusoma," aliwaambia bila haya. "Msomeeni, mumweleze mpaka aelewe." Nzau naye aliuliza kwelikweli: fisi alienda wapi? Kwa nini? Mtoto akikwama, anarudi kwenye ukurasa mpaka apate. Mbithe akafa, na kabla matanga hayajaisha mwalimu mkuu Jeconia akawafungia watoto mlango wa jiko. Jiko si darasa, alisema, ni agizo la juu.

"Tunataka uanze tena," Muhonja alisema. "Njia hiyo tunaiweka kwenye fomu ya ripoti ya Voi."

"Nitaanza. Ila jina la Mbithe liwe humo."

Jioni akaingia mkutanoni na mwiko mkononi. "Mwalimu mkuu, nisomee mlichoandika."

Jeconia akakohoa. "'Njia hii ni ubunifu wa uongozi wa shule.'"

"Uongozi upi? Huu uliofunga mlango?"

Mwalimu Oyugi akaficha kicheko kwenye kikombe cha chai.

"Mzee, fomu inataka mwalimu aliyesajiliwa. Mbithe aliajiriwa na wazazi tu."

"Kwa nini?"

"Ndivyo ilivyo."

"Rudi kwenye ukurasa, mwalimu. Bado sijaelewa."

Muhonja akaisukuma kalamu kuelekea kwa mkuu, taratibu. Jeconia akaukata ule mstari, akaandika upya.

Nzau hakumwamini. Akaichukua karatasi mpaka mlangoni, akamwita Koki, mmoja wa wale kumi na mmoja, aliyekuwa akifagia veranda.

"Nisomee, mama."

"'Njia hii ilianzishwa na Mwalimu Mbithe Nzau.'"

"Maana yake?"

Koki akaitazama tena. "Maana yake Jumatatu tunarudi jikoni."

"Sasa nimeelewa," Nzau akasema, akamrudishia mkuu fomu yake.