Kanzu ya Mwalimu Mkuu

Mwalimu Saleha hakuwa na maabara. Hakuwa na darubini, wala brashi, wala rangi, wala kabati la kufungia hivyo asivyokuwa navyo. Hakuwa na mjomba ofisini Muheza. Alikuwa na watoto sitini na wawili wa Darasa la Tatu pale Kigombe, kopo la manjano ya mchuzi, majivu ya jikoni kwake na malimau. Tena alikuwa na Mwalimu Mkuu Zubeiri, ambaye peke yake alitosha kuhesabiwa upungufu.

Watoto walipaka karatasi manjano, wakazianika, kisha wakachora kwa njiti iliyochovywa maji ya majivu. Kila mstari uligeuka mwekundu. Mwanamkasi, binti wa muuza pweza, alichora pweza mwenye mikono kumi na moja, akaifuta mitatu kwa limau.

Zubeiri alichungulia dirishani.

"Mwalimu Saleha, hapa tunafundisha au tunaunga mchuzi?"

"Tunafundisha sayansi, mwalimu. Na sanaa."

"Sayansi imo kitabuni, ukurasa wa arobaini. Kesho Ijumaa saa nne uniletee barua ya kujieleza. Isiponiridhisha, Darasa la Tatu nalichukua, wewe utasimamia usafi wa vyoo."

Saleha aliiandika usiku ule. Vyoo havikumtisha, kilichomtisha ni ukurasa wa arobaini kurudi kwa watoto wale.

Ijumaa Zubeiri aliingia darasani na kanzu nyeupe pepe, maana siku hiyo alitarajiwa mthibiti ubora kutoka wilayani. Hakuiulizia barua. Aliliendea kopo la manjano alinyang'anye kwa mkono wake mwenyewe, kama serikali inavyotaka mambo yafanywe kwa vitendo. Kopo likammwagikia kifuani.

Sasa, kila mama wa Kigombe anajua kuwa nguo yenye manjano haipelekwi kwenye sabuni kwa pupa. Lakini Zubeiri alikuwa na shahada, na mtu mwenye shahada na mke hajapata kufua hata leso. Alikimbilia bombani, akasugua kwa kipande cha sabuni ya mche. Kifua chote kikawa chekundu kama cha mchinja ng'ombe.

Hapo ndipo pikipiki ya mthibiti, Bi Hasina, ilipoingia.

"Yarabi! Mwalimu Mkuu, nani kakuchoma kisu?"

"Hajachomwa, shikamoo," alisema Mwanamkasi, limau mkononi. "Kajifua."

Akamkamulia. Wekundu ukarudi manjano mbele ya macho ya wote.

"Kwa nini?" aliuliza Bi Hasina. Mikono sitini na miwili ikapanda juu. Aliwasikiliza kumi, wote wakisema sabuni ni ndugu wa majivu na limau ni adui yao, kisha akageuka. "Nani kabuni somo hili?"

"Tumelibuni kwa ushirikiano," alijibu Zubeiri, maji yakimchuruzika. "Uongozi umetoa kanzu."

Bi Hasina aliuma mdomo asicheke. "Mwalimu Saleha, niandikie yote yalivyokuwa. Barua hiyo ikiwa mezani kwangu, darasa hili haliguswi na mtu."

"Ile ya kujieleza basi iache," Zubeiri alimnong'oneza Saleha. "Na katika hii, sabuni si lazima kuitaja."

"Bila sabuni, mwalimu, jaribio halijakamilika."

Aliongeza mistari minne chini ya barua ileile ya kujieleza, mstari wa sabuni ukiwa wa kwanza, akafuta jina la Zubeiri na kuandika la Bi Hasina. Gundi shuleni haikuwepo. Mwanamkasi akaleta uji mzito wa ngano, Saleha akaipaka bahasha, akaikandamiza kwa dole gumba lenye manjano, na kuitia mwenyewe katika mkoba wa Bi Hasina. Pikipiki ikashika njia ya Muheza.