Muk na Vijiti vya Chuma

Gari la Gyucheol lilikuwa likinguruma uani, sanduku la mama yake tayari limo ndani. Tangu Bibi Mallye apigwe na kiharusi, mkono wake wa kulia ulitetemeka, na mwanawe alishakata shauri: mama asiyeweza kujilisha haachwi peke yake mlimani. Atahamia Seul, ghorofani.

"Na nikijilisha je?" bibi aliuliza.

"Kwa vijiti, mama. Siyo kijiko."

"Haya. Tena nitakula muk."

Gyucheol alicheka hadi akakohoa. Muk, ile jeli ya unga wa mbegu za mwaloni, imejaa maji tele. Ukiibana kwa vijiti vya chuma inakuponyoka kama sabuni. "Mama, hapo umejifunga mwenyewe! Kipande kimoja tu kikifika mdomoni, nashusha sanduku."

Sohui, mke wa Gyucheol, aliandaa meza. "Karibu, mama, anza," alisema, maana pale hakuna anayegusa chakula kabla ya mkubwa.

Bibi aliegemeza kiwiko mezani, akapitisha vijiti ubavuni mwa kipande cha muk, akakigusa tu bila kukibana. Akatulia.

Supu ilianza kupoa. Gyucheol alimeza mate. "Mama, umelala?"

"Nina wageni. Nawatazama."

Kumbe alikuwa akisubiri maji. Ukiibana muk ghafla, maji yake yanajipenyeza kati yake na chuma, inateleza. Ukiigusa ukatulia, maji yanajiondokea polepole, nayo inakishika chuma yenyewe. Hilo vidole vyake vilikuwa vikilijua tangu usichana. Aliuogopa mkono tu. Ukishtuka mara moja, kwaheri nyumba.

"Mama, njaa inauma!"

"Si ule?"

"Nitakulaje kabla yako?"

"Basi nyamaza."

Akainua. Mkono ukatetemeka, kipande kikatetemeka nao, vikaenda hivyo hivyo pamoja mpaka mdomoni. Alitafuna taratibu, makusudi.

Kwa njaa, Gyucheol alikirukia chake, akakibana. Kikachomoka, kikatua kifuani mwa mkewe.

"Na wewe tukuhamishe?" bibi aliuliza.

Sanduku likashushwa. Wakati wa kuagana, mwana aliushika ule mkono akaukaza usitetemeke. Ukazidi. Akaulegeza, akaushika tu bila kuubana, hadi ukatulia kidogo. Bibi hakumtania.

Gari lilipokata kona, alirudi mezani, akachukua kijiko.